Ubeti wa Tatu wa Fundi Makochi

Fundi makochi huyu walimwita Nyundo, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mazoea ya kubana misumari midogo midomoni anapofanya kazi, akiichomoa mmoja mmoja na kuigonga kwenye mbao bila hata kuitazama. Mteja akimsemesha wakati huo hujibiwa kwa nyusi tu. Bwana mmoja aliyeleta kochi lililobonyea katikati aliwahi kumuuliza fundi mwenyewe yuko wapi. Nyundo alitema misumari kiganjani akamwambia, "Fundi katoka kidogo. Kaa hapo, utamwona akirudi." Bwana yule akakaa, Nyundo akarudisha misumari midomoni, kazi ikaendelea.

Jumapili mchana makochi yalisukumwa ukutani, marobota ya sponji yakapangwa mlangoni kupunguza sauti, na karakana ikawa ukumbi. Nyundo alikaa nyuma ya ngoma kuukuu zilizotupwa na shule moja, alizozivalisha ngozi mpya kwa mikono yake. Kinyozi wa jirani alipiga gitaa. Mwalimu wa chekechea, binti mwembamba ambaye siku za kazi hasikiki hata akipiga chafya, ndiye aliyeimba, na akiimba vioo vya dirisha vilitikisika. Wenyewe waliuita muziki wao panki, muziki wa kasi na hasira. Majirani waliuita kelele, na tuseme ukweli, kelele zilikuwemo.

Lakini tusidanganyane. Mji ule ulikuwa na bendi nyingine, zenye suti za kufanana na magitaa ya kung'aa, zilizoimba mapenzi Ijumaa na kumsifu mheshimiwa Jumamosi, kisha Jumapili zikamsifu mheshimiwa mwingine aliyemtukana yule wa kwanza. Hizo ndizo zilizoitwa burudani safi. Bomba la mtaa likikauka mwezi mzima, hazikuliona. Zahanati ikifungwa kwa sababu mganga mkuu kaenda na funguo, hazikusikia. Bendi ya karakana ilijua sauti tatu za gitaa, basi, na kwa sauti hizo tatu iliimba bomba, ikaimba zahanati, ikaitaja ofisi na chumba na siku ambayo barua ilipelekwa. Haikuwa na meneja wa kuitwa pembeni na kunong'onezwa. Haikuwa na mfadhili wa kununa. Mtu akija karakana na jambo lake, alisikilizwa, akaimbiwa, na kabla wimbo haujatoka nje alisomewa maneno aseme kama ndivyo. Ni magazeti mangapi hufanya hivyo?

Wimbo uliowafikisha mbali uliitwa "Mlango wa Nyuma", na huo Nyundo hakuletewa na mtu wa nje. Ulitoka nyumbani kwao.

Dada yake mkubwa alikuwa fundi cherehani katika soko la nguo. Soko lile liliungua mchana kweupe, moto ukianzia mbele kwenye nyaya zilizoning'inia ovyo tangu enzi na enzi. Mlango wa nyuma ulikuwa na mnyororo na kufuli, kwa amri ya msimamizi wa soko, ili wachuuzi wasipitishe mizigo bila kulipa ushuru. Cherehani ya dada ilikuwa karibu na lango la mbele, kwa hiyo yeye alitoka mapema, mzima, na pasi yake nzito ya mkaa mkononi. Angeweza kubaki pale barabarani akatazama kama wengine. Ndipo aliposikia watu wakilia ndani, upande wa nyuma. Alirudi, akalipiga lile kufuli kwa pasi mpaka likaachia, watu wakamiminika nje kupitia moshi. Paa lilianguka yeye akiwa bado ndani.

Wiki iliyofuata msimamizi alisoma taarifa redioni. Alisema marehemu alikuwa ameshatoka salama, akarudi ndani kufuata pesa zake licha ya kuzuiwa, na kwamba tamaa ndiyo iliyomponza. Kufuli hakulitaja hata kwa bahati mbaya. Yaani mtu afunge watu ndani kama kuku, kisha amwite aliyewafungulia mwenye tamaa, na asubuhi yake anywe chai vizuri tu!

Katika moshi ule ni mtu mmoja tu aliyemwona dada akivunja kufuli: bibi muuza vifungo, mwenye mguu mbovu, aliyekuwa wa mwisho kutoka. Siku chache baada ya maziko alikuja karakana, akakaa kwenye kochi lisilo na kitambaa, akamweleza Nyundo yote mwanzo hadi mwisho. Alipomaliza alimshika mkono.

"Mjukuu wangu, nimekwambia wewe kwa sababu ni damu yako. Lakini usinitaje. Vibanda vya soko jipya atavigawa msimamizi yule yule. Nikikosa kibanda, mimi na wale watoto niliobakiziwa tutakula nini, vifungo?"

Nyundo aliapa kwamba hatamtaja. Kiapo hicho kilikuwa kigumu kukibana kuliko misumari yote aliyowahi kuibana midomoni.

Kwa maana alikuwa na mama, na mama aliisikia ile taarifa ya redio. Nyundo alikwenda mbio kumweleza kwamba ni uongo mtupu, kwamba dada alirudi kufungulia watu.

"Nani kakwambia?" mama aliuliza.

"Mtu aliyeona, Mama."

"Mtu gani? Ana jina?"

Nyundo akakumbuka kiapo chake. Mama alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilichoma kuliko kofi.

"Mwanangu, najua unampenda dada yako. Mimi nimemzaa. Lakini pesa alizipenda tangu mdogo, alikuwa akizifunga kwenye pindo la kanga hata kulala. Tumwombee tu Mungu amsamehe. Tusitunge mambo."

Tangu siku ile mama aliacha kupita njia ya sokoni. Kwenye vikao vya wanawake wenzake hakwenda tena, na jirani akija kumpa pole alijibu harakaharaka na kubadilisha mazungumzo. Alikuwa akimwonea aibu mwanawe aliyekufa. Hilo ndilo Nyundo hakuweza kulimeza, na hilo ndilo alilokusudia kulifuta kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Ubeti wa kwanza wa wimbo ulihusu nyaya. Wa pili ulihusu gari la zimamoto lililofika likiwa na wazima moto wengi na maji kidogo. Wa tatu ulisema:

*Hakurudia pesa, alirudia watu.*
*Kufuli ni la nani? Si lake, si letu.*

Baada ya kila ubeti watu walipaswa kupiga kelele "Fungua mlango!" mpaka sauti iwakauke, na walipiga. Wimbo ulirekodiwa kwa simu ya Kinyozi, ukaruka kutoka simu hadi simu, na kabla mwezi haujaisha wanafunzi waliuimba njiani, mafundi waliuimba juu ya paa. Mama aliusikia kama wengine. Alisema tu kwamba hata wimbo unaweza kusema uongo.

Sasa sikiliza ujeuri. Soko jipya lilipokaribia kufunguliwa, msimamizi alituma mtu karakana. Alitaka bendi itumbuize siku ya ufunguzi, mbele ya wageni wa heshima, kwenye jukwaa lenye spika kubwa. Alikuwa ameona kwamba wimbo unavuta watu, na kiitikio cha kufungua mlango, kwa maoni yake, kilifaa kabisa kwa sherehe ya kukata utepe. Ubeti wa tatu tu uondolewe. "Ule unaleta simanzi," alisema yule mjumbe, bila haya, amekalia kochi la mteja.

Kinyozi alitaka kumtoa kwa ufagio. Mwalimu ndiye aliyeomba wafikirie.

"Chekechea ile ni ya manispaa, dada. Wameniita ofisini tayari. Wameniambia wananitakia mema. Unajua maana yake mtu wa ofisini akikutakia mema?"

Nyundo alijua. Alitazama mikono ya yule binti, akaona hawezi kumwomba alipie marehemu asiye wake. Akakubali, ila kwa kichwa tu, maana mdomo ulikataa.

Walifanya mazoezi ya wimbo uliokatwa. Katika bendi ile wimbo haukugeuka popote bila Nyundo. Kinyozi hakuwahi kujua kuhesabu, na Mwalimu akishapandisha sauti hakusikia kingine. Wote wawili walingoja kishindo chake cha kuvukia, ngoma tatu kwa mfululizo kutoka ndogo hadi kubwa, ndipo watoke sehemu moja waingie nyingine. Sasa, baada ya kiitikio cha pili, ilibidi apige kishindo kile wavuke moja kwa moja hadi mwisho wa wimbo. Alikipiga, wakavuka, na kila walipovuka alijiona kama amemruka maiti.

Aliyefurahi alikuwa mama. "Sasa mmejiheshimu," alisema. "Nitakuja." Akatoa nguo yake ya sherehe, akainyoosha mwenyewe.

Siku yenyewe wachuuzi walipangwa kwenye viti vya nyuma, wageni mbele kwenye kivuli. Mama alipata kiti pembeni. Kabla ya muziki msimamizi alisimama kuhutubia, akashukuru wa kushukuriwa, akasifu saruji, akasifu rangi, akajisifu na yeye kwa kupitia mlango wa unyenyekevu. Kisha akainamisha kichwa.

"Ndugu zangu, hatumsahau mwenzetu aliyepotea pale. Alitoka salama, akarudia pesa. Liwe funzo kwetu. Tamaa si nzuri."

Watu wakapiga makofi, maana ndivyo watu hufanya mtu akinyamaza kwenye maiki. Kutoka nyuma ya ngoma Nyundo alimwona mama yake akishusha uso mpaka kidevu kikagusa kifua, katika ile nguo aliyoinyoosha kwa furaha.

Walianza. Nyaya zikaimbwa, zimamoto likaimbwa, uwanja mzima ukapiga kelele "Fungua mlango!" na wageni wa heshima wakatikisa vichwa kwa adabu. Kiitikio cha pili kikaisha. Hapo ndipo kilipotakiwa kishindo.

Nyundo hakukipiga.

Aliendelea na mpigo ule ule wa ubeti, mkavu, mnyoofu. Kinyozi akageuka, akaona uso wake, akageukia gitaa na kuendelea kuzungusha sauti zile zile. Mwalimu akasubiri. Mzunguko mmoja ukapita, wa pili ukapita. Kila aliyeujua wimbo, na nani hakuujua, alijua ni maneno gani yanayokosekana pale. Nyundo hakumtazama yule binti. Hakuwa na haki ya kumlazimisha, na pia hakuwa na nguvu ya kuuvuka ubeti ule mbele ya mama yake. Aliuacha wazi, basi.

Mwalimu alifumba macho. "Hakurudia pesa," akaimba, na umeme ukakatwa.

Gitaa likafa, maiki ikafa. Ngoma haina waya. Askari alipanda jukwaani, akamnyang'anya kijiti kimoja. Nyundo akapiga kwa kingine. Akamnyang'anya na hicho. Nyundo akaendelea kwa mguu, ile ngoma kubwa ya chini, du, du, du, na askari akabaki na vijiti viwili mkononi asijue mguu wa mwanamke mzima unakamatwaje.

Kwenye viti vya nyuma mtu alikuwa anasimama, taratibu, kwa kushika bega la jirani. Alikuwa bibi muuza vifungo. Vibanda vilikuwa havijagawiwa. Vingegawiwa baada ya sherehe, na kila mchuuzi pale alikuwa amekaa kwa adabu kwa sababu hiyo. Bibi alikuja na mguu wake hadi katikati ya uwanja, akainua mkono. Nyundo akasimamisha mguu.

"Mimi nilikuwa ndani," bibi alisema. Hakuwa na spika, ikabidi watu wanyamaze. "Mlango ulikuwa na kufuli. Yule binti alilivunja kwa pasi, nimemwona kwa macho yangu haya. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu ya mguu huu. Alinisukuma nje. Alisema, 'Bibi, tangulia.' Pesa gani? Hakuwa hata na pochi."

Msimamizi aliinuka. Akasema bibi ni mzee, kwamba moshi huchanganya watu akili, kwamba kuna taratibu za kutoa malalamiko. Wachuuzi walianza kunung'unika, kwanza kwa chini, kisha si kwa chini. Mmoja akapaza sauti kwamba hata yeye alitokea mlango ule na hakuwahi kuulizwa na mtu. Mwingine akasema na yeye.

Mama alikuwa amesimama. Alipita mbele ya wageni wote wa heshima bila kuinama wala kuomba njia, akaenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya msimamizi, akaweka viganja viwili juu ya kitambaa cheupe.

"Umemsema mwanangu redioni, nikakuamini. Umemsema tena leo, nikainamisha kichwa," alisema. "Mimi ndiye mama yake. Nipo hapa. Haya, sema mara ya tatu."

Alisubiri. Uwanja mzima ulisubiri pamoja naye, na msimamizi akatazama saruji yake mpya.