Kaka Alivyochelewa Kupasuliwa Puani

Hii habari inanifanya nionekane mjinga, na nilikuwa mjinga kweli, kwa hiyo cheka haraka tumalize.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori, Mbeya na Iringa. Miaka ile ya sabini mikono yake ikaanza kukua upya kama ya mtoto anayekua. Pete ya ndoa ikakatwa kwa msumeno, viatu vikamkataa. Mimi nikawa namwita tingatinga. Kisha akagonga nguzo ya geti mara mbili. Akasema anaona mbele tu, pembeni giza.

Hospitalini, mpiga eksirei alikuwa Mngoni. Sisi Wahehe. Watani hao: anaweza kukutukania mpaka bibi yako, na ukinuna, mwenye makosa ni wewe. Akaniambia, "Mhehe, kaka yako akija kupigwa picha, leta jogoo. Mashine yetu haiwaki bila jogoo."

Nikaleta! Nilimbeba kwapani toka kwetu Mwanjelwa. Wodi nzima ilicheka, Mngoni akala jogoo. Nikaapa hanipati tena.

Wiki iliyofuata nikaenda kuchukua majibu, kaka yuko safarini. Mngoni akaanza kucheka nikiwa bado mlangoni, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwenye jogoo! Sikiliza. Daktari anasema kaka yako ana uvimbe chini ya ubongo, nyuma ya pua, unabana mishipa ya macho. Dar kuna mpasuaji mgeni, anautoa kwa kupitia puani. Aje Alhamisi achukue barua. Mgeni anaondoka mwisho wa mwezi."

"Puani?"

"Puani. Kichwa hakipasuliwi."

"Enzi za mababu mlishindwa kutumaliza kwa mkuki, sasa mnataka kututoa ubongo kama kamasi?"

Akacheka mpaka akashika meza. "Mwambie lakini, Mhehe."

Sikumwambia. Niliwasimulia watu sokoni, wakaanguka kwa kicheko. Kaka aliporudi nikamwambia majibu bado. Nilikuwa namsubiri Mngoni achoke, aseme la kweli.

Mwezi ukaisha. Kaka akaenda mwenyewe, akakuta mgeni kashaondoka. Nikamfuata Mngoni, nikamkaba shati.

"Kwa nini ulikuwa unacheka?"

"Kwani mtani nimwambieje? Nilie?"

Hasira ile haijashuka mpaka leo. Namkasirikia yeye na meno yake. Nawakasirikia wale wa sokoni, waliocheka na mimi halafu wakaja nyumbani kutuambia ni bahati mbaya. Bahati gani? Ulikuwa mdomo wangu.

Mpasuaji mwingine alipatikana baada ya karibu mwaka mzima. Akapita puani kweli, kwa darubini, fuvu halikuguswa kwa juu hata kidogo. Uvimbe ukatoka. Kaka akarudi na jicho moja. La kushoto lilishakufa kwa kungoja. Leseni wakachukua.

Nikapiga magoti nikamweleza yote, hata lile la kamasi. Nilitaka anipige. Hakunipiga.

"Ungeniambia tu, mdogo wangu," akasema. "Kama ni utani, ningecheka mwenyewe."