Wazungu wawili wa Jumamosi, marehemu baba, na mtani aliyegoma kutania msibani

Wakuu, hodi humu ndani. Wakubwa shikamooni, wengine nawasalimu kwa heshima zenu.

Nasoma nyuzi za wenzangu miaka mingi, sijawahi kuandika wa kwangu. Leo nimeona nilete. Sijaongeza chumvi, na kama kuna mtu wa Masasi au Newala humu akanitambua, naomba anihifadhi.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira. Ndugu zangu wanasema nimerithi kwa bibi mzaa mama. Sibishi, na hiyo hasira ndiyo iliyonichelewesha kwenye haya mambo.

Haya.

Nimekulia misheni, upande wa Masasi. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, Mmakua, Mwanglikana toka kwa babu zake, mrefu na mkimya. Kwa ukimya wake ungeweza kukaa naye toka chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana akawa amesema "eeh" mara mbili.

Pale misheni kulikuwa na muuguzi wa Kiingereza, tulimwita Bibi Doroti. Alikuwa na TV moja, deki moja ya kanda, na ruhusa ya kutumia jenereta ya zahanati kila Jumamosi saa tisa alasiri.

Kaka yake kule kwao alikuwa anarekodi vipindi vya vichekesho vya zamani kwenye TV, anamtumia kwa posta. Vijana wa sasa hamvijui hivi vipindi. Siyo movie. Ni jukwaa lenye pazia kubwa linalometameta, bendi imekaa chini, wanatoka wanaume wawili wamevaa suti na tai. Mmoja mrefu, mmoja mfupi. Wanasimama mbele ya pazia, wanaongea tu, na watu ukumbini wanavunjika mbavu.

Baadaye anakuja mwimbaji, anakuja mtu wa mazingaombwe, wanakuja wasichana wa kucheza wenye manyoya kichwani. Halafu wale wawili wanarudi, wanafanya kimchezo kifupi, wanaimba, wanaaga. Basi, kipindi kimeisha.

Wale wasichana wakitokea, Bibi Doroti alikuwa anasimama mbele ya TV na kutandaza khanga mpaka wamalize. Mpaka leo sijui walikuwa wanacheza nini.

Sasa tatizo lilikuwa lugha. Watu tumejaa barazani, akina mama na vikapu vyao, wakulima wametoka kwenye mikorosho, hakuna anayejua Kiingereza. Ikabidi Bibi Doroti amwombe baba atafsiri.

Baba akasema watu ni wawili, hawezi kuwa wawili peke yake. Akamwita Baba Mwanaisha.

Baba Mwanaisha ni nani? Fundi baiskeli wa Chiungutwa, Myao, Mwislamu, mfupi, mdomo haujui kupumzika. Ukoo wake na ukoo wa baba ni watani toka enzi za mababu. Alikuwa anaweza kuingia kwetu, akamkuta baba anakula, akabeba sahani nzima na kuondoka nayo, na baba asiseme kitu. Wageni walikuwa wanashangaa. Sisi tulikuwa tunacheka na kupakua nyingine.

Baba akawa sauti ya yule mrefu, Baba Mwanaisha akawa sauti ya yule mfupi.

Na hapa ndipo utamu ulipo wakuu. Baba Mwanaisha Kiingereza alikuwa hajui hata cha kuombea maji. Alikuwa anaangalia midomo na mikono ya yule mfupi, anatunga. Na baba, ambaye alikuwa anasikia kila neno, alikuwa haangaiki na wale Wazungu wanasema nini. Alikuwa anamjibu Baba Mwanaisha.

Kuna kimchezo kimoja sitakisahau. Yule mfupi anakuja na boksi la fidla, mrefu amemzuia mlangoni. Kwetu sisi ilikuwa hivi: mfupi amekuja kuposa dada wa mrefu, na ndani ya boksi ana kuku.

"Nimekuja kuposa."

"Umeleta nini?"

"Kuku."

"Fungua nimwone."

"Siwezi, ana haya."

Hapo baba alikuwa anatulia. Kwenye TV yule mrefu naye ametulia, anamwangalia mwenzake, anawaangalia watu, anamwangalia mwenzake tena. Baraza zima tumeshikilia pumzi. Halafu baba taratibu:

"Kuku ana haya?"

"Kuku wa Chiungutwa huyu. Hajawahi kuona watu warefu."

Wakuu, watu walikuwa wanalala chini. Kuna mama mmoja alikuwa anatoka nje kabisa kwenda kucheka ukutani.

Nilipofika chuo cha uuguzi, Kiingereza kimeniingia kidogo, nikamuuliza baba wale watu walikuwa wanasema nini hasa. Akafikiri. Akaniambia yule mfupi alikuwa anaomba kupiga fidla kwenye bendi, na mrefu anamkatalia.

Nikamwambia, sasa baba, kwa nini hukutafsiri ilivyo?

Akasema, "Baba Mwanaisha alikuwa ameshasema kuku."

Ndiyo jibu lote nililopata.

Miaka ikaenda. Bibi Doroti akarudi kwao, TV ikafa, kanda zikaota ukungu zikatupwa. Baba akastaafu, akajenga Mkunya, Newala, kwao mama. Mimi nikapata kazi Ndanda, nipo huko mpaka sasa. Baba Mwanaisha akawa anapanda baiskeli toka Chiungutwa kuja Mkunya kumtukana baba angalau mara moja kwa mwezi. Baiskeli ikamshinda, akahamia bodaboda.

Mwaka juzi baba akafariki.

Kwa wasiojua taratibu zetu, msiba bila mtani haujakamilika. Mtani ndiye anayevaa koti la marehemu na kuigiza anavyotembea. Ndiye anayelala njiani kuzuia jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Watu wanalia huku wanacheka. Siyo dharau, ni heshima kubwa, na inamtua mfiwa mzigo.

Tulimsubiri Baba Mwanaisha. Akaja. Akaingia ndani kumwona marehemu, akatoka, akakaa kwenye mkeka na wazee wengine, kimya. Wakamletea koti la baba, akalikunja akaliweka pembeni. Jeneza likapita, yeye amekaa tu. Tukazika.

Mama yangu jioni ile alisema neno moja tu: "Tumemzika kama mgeni."

Wakuu, nilimchukia yule mzee. Niliona ametudhalilisha. Kumzika baba yangu kwa ukimya, kama mtu aliyeokotwa barabarani, na mtani wake wa damu yupo pale anakunja koti. Niliapa sitamwamkia tena, na kweli nikapita Chiungutwa mara kadhaa bila kushuka kwenye gari.

Lakini mama akawa hatulii. Mwaka huu baada ya msimu wa korosho tukapanga ibada ya kuweka msalaba kaburini. Mama akaniita. Akaniambia, "Mama Neema, mimi nimezeeka. Nenda kwa Baba Mwanaisha. Mwambie aje amalize kazi yake. Sitaki msalaba uwekwe juu ya mtu ambaye hajaagwa."

Nikamwambia siendi.

Akanyamaza. Mama akinyamaza ni mbaya kuliko akikugombeza. Jumamosi yake nikachukua bodaboda.

Nilimkuta kwenye kibanda chake kile kile. Mkono mmoja unatetemeka, hatengenezi tena, anamwelekeza mjukuu wake wa kike kuziba pancha.

"Shikamoo Baba Mwanaisha."

"Marahaba."

Basi. Mimi ni mtoto wa mtani wake, zamani angeshasema nimenenepa kwa kula uji wa wagonjwa. Akanisogezea kigoda. Hapo hasira ikaanza kunitoka nikapatwa na woga.

Nikamweleza alichosema mama. Nikaongeza na yangu, sikuyapunguza. Nikamwambia ulitutia aibu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema:

"Nilikuja nimejiandaa, mwanangu. Nilikuwa na ya kusema siku nzima. Nikaingia ndani alikolala, nikasema nianze na yeye mwenyewe. Nikamwambia, Mwalimu, nimekuja kuposa. Nikasubiri."

Akamwonyesha mjukuu pa kupaka gundi, akaendelea.

"Kusubiri nimekuzoea. Yeye ndiye alikuwa anachelewa kujibu, ndiyo kazi yake. Nikasubiri sana. Halafu nikajua leo hajibu. Sasa nitoke nje nikachekeshe watu, nani wa kunijibu? Nikashindwa."

 Miaka miwili nimembebea mtu kinyongo kwa sababu alikuwa na msiba mkubwa kuliko nilivyofikiri. Niliona haya mpaka masikio yakawaka.

Nikatoa simu. Kwa muda mrefu nilikuwa natafuta mtandaoni vile vipindi, na wale wawili wetu sijawahi kuwapata. Lakini wa namna ile wapo, pazia lile lile, suti zile zile, mrefu na mfupi. Mimi nikiwaangalia peke yangu kule Ndanda, Kiingereza nakisikia chote na sicheki. Nabaki na hamu tu, kama mtu anayenusa chakula cha nyumba ya jirani.

Nikamwekea. Akaangalia kidogo, akakunja uso.

"Zima sauti. Wananichanganya."

Nikazima.

Akaisogeza simu karibu na macho. Yule mfupi wa kwenye clip akatokea na kofia mkononi. Na Baba Mwanaisha, kwa sauti ile ile ya Jumamosi, akasema: "Nimekuja kuposa."

Nikajibu fasta, "Umeleta nini?"

Akanigeukia. "Umeniwahi."

Tukarudia.

"Umeniwahi tena. Ukinijibu haraka hivyo unaninyang'anya watu. Baba yako alikuwa ananiachia. Kaa, niangalie, waangalie wao, ndiyo useme."

Tulirudia alasiri nzima. Mjukuu aliacha pancha, akakaa chini kutuangalia. Mzee alinisema vibaya siku ile kuliko matroni yeyote niliyewahi kufanya naye kazi, na kufika saa kumi na moja alikuwa ameshaniambia nimenenepa kwa uji wa wagonjwa.

Siku ya msalaba alikuja Mkunya. Padri akamaliza ibada, watu wamesimama kuzunguka kaburi. Baba Mwanaisha akatoka mbele amevaa koti la baba, mikono imemfika magotini, kwapani amebana kuku wa kweli. Akaenda akasimama mbele ya msalaba, akauambia:

"Nimekuja kuposa."

Wazee waliokuja toka misheni, waliokuwepo zile Jumamosi, waligutuka. Nikasogea nikasimama upande wa pili, mahali pa baba. 

"Umeleta nini?"

"Kuku."

"Nimwone."

"Ana haya."

Nikatulia. Nikamwangalia mzee. Nikageuka nikawaangalia watu.

Wakuu, hapa ndipo napashindwa kuandika vizuri. Mimi siku zote nilikuwa nakaa upande wa watu, natazama TV, natazama mdomo wa Baba Mwanaisha. Sikuwahi kusimama aliposimama baba. Ukisimama pale hakuna anayekuangalia wewe, wote macho kwa yule mfupi, na wewe unawaona wote. Niliona mashangazi zangu wameshika midomo. Niliona yule mama wa kwenda kucheka ukutani, sasa hivi ana fimbo, anatafuta ukuta.

Nikamwona mama yangu. Alikuwa amejiinamia, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Akainua uso. Alikuwa anacheka, meno yote nje, anamshika jirani asianguke.

Kumbe baba alikuwa anayaona haya yote kila Jumamosi. Sisi tulikuwa tunamwona mtu mkimya. Tulikuwa tunamwambia, baba ongea basi. Na yeye alikuwa amesimama mahali pazuri kuliko sisi wote, amenyamaza ili atuone tunacheka.

Nilitakiwa niseme "kuku ana haya?" na sauti haikutoka. Baba Mwanaisha alisubiri. Watu wakadhani ni mchezo, wakazidi kucheka. Akaendelea kusubiri, hakunikatisha, hakunisaidia, ananiangalia tu mpaka nikaweza.

Ndiyo hivyo wakuu. Nilichojifunza: usimhukumu mtu kwa alivyokaa msibani, hujui ameingia ndani kuongea na nani. Na kama nyumbani kwenu kuna mtu mkimya, kabla hamjamlalamikia, jaribuni siku moja kukaa kwenye kiti chake muone anaona nini. Mimi nimechelewa, nimekaa baba akiwa chini ya udongo.

Namkumbuka sana. Natamani Jumamosi moja tu, jenereta inanguruma, Bibi Doroti na khanga yake, na baba anachelewa kujibu.

Karibuni mseme yenu. Waliokulia misheni, mlikuwa mnaangalia nini, na nani alikuwa anawatafsiria? Kama kuna mtu kwao kuna kanda za zamani zimebaki darini, tafadhali asizitupe, aniandikie. Hata kama hazina sauti. Sauti tunayo.