Fisi Aliyekwenda Kuposa

Mwalimu Nekoye alifundisha fasihi Othaya hadi alipostaafu, akabaki huko huko kati ya mashamba ya majani chai, mbali na kwao Kimilili. Darasani alipenda kusema kwamba hadithi ikishasimuliwa haina mwenyewe tena. Kila msikilizaji huifuma upya.

Juzi wanafunzi wake wa zamani walimwingiza kwenye kundi lao la WhatsApp. Wachuka akaandika ile hadithi ya fisi aliyekwenda kuposa, ambayo Mwalimu aliwasimulia darasani, akamaliza kwa harusi. Gatimu akabisha: "Ati harusi? Fisi alifukuzwa na mbwa!" Wakavutana hadi Wachuka akauliza, "Mwalimu, mwisho wa kweli ni gani?"

Nekoye akajaribu kukumbuka jinsi mama yake, aliyemsimulia utotoni, alivyoimaliza. Akashindwa. Kilichomjia ni mvua juu ya mabati na darasa zima likicheka, na hamu ya kuwaona tena wanafunzi wale.

"Hata mama aliisikia kwa jirani," akaandika. "Gatimu, nirekodie sauti, unisimulie yako."

Sauti ikaja, nzito, ya mtu mzima. Akaisikiliza mara mbili huku akicheka na kufuta machozi, kisha akaomba na ya Wachuka.