Kiatu Cheusi, Kiatu Chekundu

Ofisini kwetu, katikati ya jiji, mimi ndiye mkali wa maelezo ya picha. Sioni tangu utotoni, na kila hati tunayotoa hupitia kwangu kwanza. Kompyuta hunisomea kwa sauti, na ikifika penye picha husoma maneno ambayo mwenzetu ameyaandika kuieleza. Mtu akiandika "picha ya mwanamke" tu, atanikoma. Mwanamke gani? Amekaa, amesimama, anacheka? "Andikeni kilichopo," huwaambia, "si mnachodhani kitanifurahisha." Wamenizoea. Najua wakiwa kwenye chai huniita Mwalimu wa Zamu.

Asubuhi moja nilikuwa nasikiliza ripoti yetu ya mwaka. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na picha ya hafla tuliyoifanya katika bustani moja kule Lavington, siku niliyowahutubia wageni. Niliegemea kiti nikasubiri kusifiwa. Sauti ikasoma, bila huruma yoyote: "Mwanamke aliyevaa suti ya kijivu anahutubia wageni bustanini. Ameshika fimbo nyeupe. Mguu wa kulia amevaa kiatu cheusi, wa kushoto chekundu."

Nikairudisha. Ikasoma vilevile.

Viatu hivyo nilivinunua Dagoretti Corner, jozi mbili za mtindo mmoja, nyeusi na nyekundu, kwa sababu miguu yangu ina taabu ya kupata saizi. Vile vyekundu nilivishonea uzi kwa ndani, karibu na kisigino, nivitambue kwa kidole. Bila shaka uzi wa kimoja ulikatika nami nisijue. Nikakumbuka nilivyotembea mbele kwa maringo, nilivyopigiwa makofi, nilivyosalimiana na wageni mmoja mmoja. Hakuna aliyesema neno. Uso ulinichoma hadi masikioni.

Nikamwita aliyeandika maelezo hayo, mama wa rika langu ambaye meza yake imepakana na yangu.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Nilidhani ni staili yako," akasema polepole. "Halafu nikaona haya kuuliza. Lakini kwa ripoti nimeandika venye naona. Si ni wewe hutuambia hivyo?"

"Hakuna picha ingine?"

"Hiyo ndio bosi alichagua. Na nakala za karatasi zishachapishwa."

Ningecheka, mambo yangeisha. Tungecheka wote wawili. Badala yake nikajisikia nikisema, kwa sauti ndogo nisiyoijua, "Toa hiyo sentensi ya viatu. Haina maana."

Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi. Hakunibishia. Laiti angenibishia.

Ripoti ikatumwa mchana huohuo. Jioni, nikiwa nyumbani, akanipigia simu rafiki yangu tuliyesoma naye shule ya wasioona.

"Nimeisikiliza hiyo picha yako! Suti ya kijivu! Kumbe siku hiyo ulikuwa umewaka hivyo?" Alicheka kwa furaha. "Wengine hutuandikia 'picha' wanatuacha hapo. Nyinyi angalau mnatuambia vile mambo iko."

Nilikuwa nimevua viatu, nimevishika magotini. Kila mwenye macho anayeifungua ripoti ile anaviona vile viatu pichani. Niliowaficha ni wenzangu wasioona tu.

Nikamwambia ahsante.