Pichi Mwenye Maziwa

Eulalia Nahuelquir alikuwa mwanamke wa maneno machache na kazi nyingi: achunge mbuzi, asokote sufu, akande unga, apasue kuni. Mwaka ule mumewe Fermin alipougua, aliongezewa nyingine: kumbembeleza ale. Homa ilikwisha theluji ilipoanza kuyeyuka, ila hamu ya chakula haikurudi, na mzee alizidi kukonda mbele ya macho yake. Eulalia hakumwambia mtu, lakini aliogopa sana.

Asubuhi moja Fermin akanong'ona, "Ningepata pichi wa kuchoma, labda angepita kooni."

"Labda? Nizunguke nyika nzima kwa ajili ya labda?" Lakini alikuwa keshavaa viatu.

Pichi ni mnyama wa kubebeka kwa mkono mmoja, mwenye gamba mgongoni na nywele ngumu zinazochungulia kandokando. Wakati wa baridi kali hulala shimoni akiishi kwa mafuta ya mwili wake mwenyewe. Baridi ikipungua hutoka amekonda, akaota jua na kufukua wadudu. Akishtuliwa hukimbilia shimo lake, akakakamaa, gamba likang'ang'ania udongo, na hapo hata fahali hamng'oi. Wageni huvuta mkia mpaka wakaanguka chali, nasi hucheka. Eulalia yeye hufukua pembeni taratibu, akamtekenya kwa kijiti mpaka alegee.

Siku hiyo upepo ulivuma kwa hasira, vidole vikafa ganzi. Alipompata tu alimtumbukiza mfukoni, akarudi mbio akicheka peke yake. Hakumpapasa tumbo, jambo ambalo kwetu hata mtoto halisahau.

Fermin alimpokea palepale kitandani, akamgeuza kwa mazoea, kisha akampapasa tumbo. Vidole vyake vilikuwa vimelowa.

"Huyu ananyonyesha."

"Acha uongo wako."

"Gusa mwenyewe, bibi. Ana watoto shimoni. Mwenye maziwa haliwi, hurudishwa."

Eulalia alimtazama mnyama, kisha uso wa mumewe uliobaki mifupa. "Basi na wafe!" akafoka. "Mbona wewe unakufa, Fermin, na hakuna anayekuhurumia ila mimi? Hizo desturi zitanisemesha nikibaki peke yangu humu?" Akaangua kilio, yeye ambaye hata msibani hulia kwa kujificha.

Mzee alishusha miguu sakafuni, akajishikiza ukutani. "Nipe koti. Twende unioneshe hilo shimo. Ukimtia shimo jingine, hawafikii wanawe."

"Utaanguka."

"Utaniokota. Umeniokota mara ngapi?"

Wakaenda, mke akimshika kiuno, mume akimkumbatia pichi chini ya koti, wakipumzika kila kwenye kichaka. Mdomoni mwa shimo Fermin alipiga magoti, akamweka kichwa kikielekea ndani, kama inavyotakiwa. Pichi akachimba kwa fujo, mchanga ukawarukia usoni, akatoweka.

Fermin alibaki ameketi chini, anahema, mashavu yamepata rangi.

"Eulalia."

"Nini tena?"

"Ule mchuzi wa mbuzi ulioniletea jana. Uliwapa mbwa?"

"Upo. Umeganda mafuta."

"Utaupasha moto. Nina njaa."

Eulalia akamtia mikono kwapani, akamwinua.

"Tembea basi, mzee wewe," akasema. "Tembea, kabla hujabadili mawazo."