Mahali Petu pa Uyoga

Zdenka, mke wangu, ni mshonaji wa glavu, mwanamke wa maneno machache. Tumeishi pamoja miaka thelathini na moja katika kijiji hiki cha Bohemia, ambako wengi huingia kanisani kwa mazishi tu na habari za Mungu huachiwa bibi vizee. Basi Septemba iliyopita, tukiwa mezani, akaniambia:

"Ludvík, Pasaka ijayo nabatizwa."

"Nani kakutia maneno hayo?"

"Hakuna. Nimeamua."

Hakuna, wakati kila Jumapili yuko kwa Padri Leszek, yule kijana wa Kipolandi! Nilishikwa na wivu hadi chakula kikanishinda. Kilabuni nako wakanipokea kwa kejeli: "Pole, mzee! Mkeo kapata bwana mwingine, na huyu humuwezi hata kwa ngumi!" Nikacheka nao huku roho ikiniuma. Nilikuwa nampoteza mke wangu, nami namwona hivi hivi.

Jumapili moja nikamngoja nje ya kanisa. Padri akatoka na kikapu cha uyoga mnene, wenye vichwa vyeusi. Huo huota sehemu moja tu, nyuma ya machimbo ya mawe, na sehemu hiyo ni yetu wawili. Mama yangu mzazi alikufa hajaijua.

"Umeutoa wapi huo?"

"Mama Zdenka alinionyesha, Bwana Ludvík. Karibu uchukue."

Karibu! Uyoga wangu mwenyewe!

Nilifika nyumbani nikaanza hapo hapo mlangoni. "Heri ungelala naye! Mahali petu, Zdenka? Umempa padri mahali petu?"

Hakupandisha sauti. "Aliniuliza nilianzia wapi kusali. Nikampeleka."

"Kusali? Kule? Tangu lini?"

"Tangu tulipomzika Radka."

Mtoto wetu. Miaka kumi na tisa sasa tangu tumzike.

"Wewe ukiokota upande wako, mimi nilikuwa napiga magoti upande wangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenicheka, mume wangu. Na jina la Radka lilikuwa halitajwi humu ndani. Ningemlilia kwa nani?"

Nilikaa kitini na koti langu mwilini. Yule padri sikuwa na haja naye tena. Kulikuwa na mwingine, nisiyemwamini hata leo, aliyemsikiliza mke wangu akimlilia mwanetu, nami nipo hatua tano tu, nimeinama, nakata uyoga. Huyo namwonea wivu mpaka sasa.