Ombi Lisilo na Jina

Kikundi cha maombi cha fundi mizani na mkewe kilikuwa na kopo la bati lililowahi kuwa la biskuti. Kila Jumapili baada ya ibada, kila mmoja alitumbukiza humo kipande cha karatasi chenye ombi lake, bila jina. Kopo likatikiswa, kila mtu akachota karatasi moja ya kuombea kwa siku saba. Sharti lilikuwa moja tu: usimtafute mwandishi.

Fundi mizani alilishika sharti hilo miaka sita. Alikuwa mtu wa masharti. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kukagua mizani za maduka, aliyafuta mawe yake ya kupimia kwa kitambaa, akayajaribu moja moja kwenye mizani ndogo ya nyumbani. "Huwezi kumkagua mtu kwa jiwe usilolijua," alizoea kusema, na siku hizi mkewe alimmalizia sentensi kabla hajafika kati.

Jumapili hiyo alifungua karatasi yake njiani. Ilisema: "Mniombee. Nyumbani kwetu nikichelewa dakika kumi, natoa maelezo kama mshitakiwa."

Moyo ukamlipuka paa. Hatua chache mbele, mkewe alikuwa akitembea na mdogo wake, wanacheka. Wanacheka nini? Juzi tu mkewe alichelewa kutoka sokoni, naye akamuuliza, kwa upole kabisa, alipita wapi, alikuwa na nani, na vitunguu gani hivyo vya kununuliwa saa nzima. Kuuliza si ujinga.

"Mbona umenuna, baba watoto?" mkewe aligeuka.

"Jua."

Jumatatu, mkewe alipomaliza kukanda unga mezani na kutoka kuanika nguo, fundi alibandua orodha ya mahitaji mlangoni mwa jiko. Akaiweka mezani, ubavuni mwa ile karatasi. Upepo wa dirishani ukawa unazipeperusha, akazikandamiza pembeni kwa jiwe lake la kilo moja. Herufi "k" zilifanana. "t" zilikataa. Lakini mtu anayejificha si hubadili mwandiko? Aliposikia ndala za mkewe mlangoni, alirudisha orodha mahali pake na kulitupia jiwe mkobani.

Jioni alitega mtego.

"Mke wangu, mkono unaniuma. Niandikie barua ya mteja."

Mkewe akachukua kalamu. Fundi akamsomea, neno kwa neno: "Samahani kwa kuchelewa dakika kumi. Maelezo yangu ni haya…"

"Barua nzima ya dakika kumi?"

"Andika tu."

Mkewe aliandika mstari mmoja, akaweka kalamu chini. "Mkono unaouma ni upi?"

"Huu hapa."

"Huo huo ulioshika kikombe tangu tuanze?"

Akainuka, akaenda zake chumbani. Hakucheka. Fundi alilipima na hilo: asiye na hatia angecheka.

Asubuhi ya Jumanne aliilinganisha barua na karatasi mpaka chai ikapoa. Akatoka mbio. Kitambaa kilibaki msumarini, na mawe hayakuguswa.

Duka la kwanza lilikuwa la muuza mchele, mtu wa maneno mengi. Fundi akaweka jiwe la kilo kwenye mizani yake. Ikaonyesha kilo moja na gramu tisa.

"Haya ndiyo mambo," fundi alisema kwa sauti, wateja wakageuka. "Unawapunja watu gramu tisa kila kilo."

"Mimi? Fundi, mizani hii uliikagua mwenyewe mwezi jana!"

"Mwezi jana ulikuwa mwaminifu."

Muuza mchele hakubishana. Alilinyanyua jiwe, akaligeuza. Chini lilikuwa limeganda tonge la unga, kavu kama chokaa.

"Jamani, jiwe la fundi limekula kabla ya kuja kazini!" Duka zima likaangua kicheko. "Nyani…" akaanza bibi mmoja, na wateja wakamalizia kwa pamoja: "…haoni kundule!"

Fundi aliukwangua unga kwa ukucha. Aliomba radhi mbele ya wote, akafunga mkoba. Njiani hakuwaza kicheko. Aliwaza kwamba huo ulikuwa unga wa mezani kwake, na kwamba yule mtu aliyeomba aombewe alikuwa na siku ya tatu sasa. Hakuwa amemwombea hata mara moja.

Alimkuta mkewe akikunja nguo. Akaweka karatasi mbele yake, akamweleza yote: orodha, barua, unga.

Mkewe aliisoma pole pole.

"Si mwandiko wangu," alisema.

Fundi akashusha pumzi.

"Usishushe pumzi. Si mwandiko wangu, lakini maneno ni yangu. Ni vile tu sikuthubutu kuyaandika." Akakunja shati, akalikunjua, akalikunja tena. "Kuna mwenzangu huko kwenye kikundi. Nawe siku zote hizi umemfanyia upelelezi badala ya sala."

Walipiga magoti pale pale kati ya nguo, wakamwombea mtu wasiyemjua. Ikafika zamu ya fundi, akakwama kwenye "tusamehe", akaanza upya kwa "nisamehe".

Baadaye alikata kipande cha karatasi cha Jumapili ijayo. Aliandika: "Mniombee niache kumhoji mke wangu." Chini yake, kinyume cha sharti, akaandika: fundi mizani.

Akampa mkewe asome. Mkewe alikisoma.

"Mkono umepona?" akauliza.

"Umepona."

"Tutaona," mkewe alisema, akakirudisha. "Jumamosi nitachelewa sokoni."

Fundi alifungua mdomo, akaufunga.